Kuisoma Picha: Istilahi na Mikondo ya Sanaa kwa Anayeanza

Anayeanza kujisomea sanaa za uchoraji na uchongaji hukutana mapema na msururu wa majina: uimpreshonisti, ukubisti, ueksipreshonisti, usurealisti, sanaa dhahania, sanaa ya popu. Majina hayo huletwa kwake yakiwa yamepangwa kwa miaka, kila moja na wachoraji wake wawili watatu, naye huyahifadhi kama mwanafunzi wa skuli anavyohifadhi miji mikuu ya nchi ambazo hajazifika. Siku akisimama mbele ya picha yenyewe, majina yote yale hayamsaidii kuona kitu. Hilo si kosa lake. Majina ya mikondo yalizaliwa katika mabishano, na mabishano hayaeleweki kwa mtu asiyejua kilichokuwa kikibishaniwa. Kilichobishaniwa, karibu kila mara, ni mambo machache ambayo kila picha imeundwa kwayo: mstari, umbo, nafasi, mwanga, rangi na mpangilio. Makala haya yanaanza na mambo hayo, na mifano yake mingi inatoka Unguja na Pemba, kwa sababu anayeishi hapa anayo mbele ya macho yake kila siku, katika milango, misikiti, mikeka na kanga. Mikondo itafuata baadaye, na nina imani kuwa itaeleweka kwa wepesi zaidi ikifuata kwa njia hiyo.

Aina, mtindo, mkondo na zama

Kwanza yatenganishwe maneno manne yanayochanganywa sana hata na waandishi wazoefu. Aina ya picha hueleza kinachochorwa: sura ya mtu, mandhari, vitu vilivyotulia kama vile matunda juu ya meza, au tukio la kihistoria na la kidini. Mtindo ni namna ya kuchora inayotambulikana, ambayo humwezesha mtazamaji kusema kazi fulani ni ya mkono fulani au ya mahali fulani. Mkondo ni kundi la wasanii wa wakati mmoja, wanaojuana au wanaofuatana kazi zao, na ambao wana jambo wanalolipigania au wanalolipinga. Zama ni kipande cha wakati ambacho wanahistoria wamekikata baadaye ili waweze kukizungumza.

Picha za Tingatinga zinazotundikwa kwenye maduka ya mitaa ya Gizenga na Hurumzi, katika Mji Mkongwe wa Unguja, zinafaa kulifafanua jambo hili. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka upande wa Tunduru kusini mwa Tanzania, alianza kuchora na kuuza picha zake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia vipande vya mraba vya hadibodi na rangi ya kung'aa ya madukani, ile ile ambayo watu hupakia vyuma na mbao. Picha zake aghalabu zilikuwa na mnyama au ndege mmoja mkubwa, aliyezungushiwa mstari ulio wazi na kuwekwa mbele ya usuli, yaani sehemu ya nyuma ya picha, wa rangi moja. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa ni mhalifu anayekimbia, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Jamaa na wanafunzi wake waliiendeleza kazi, wakaongeza wanyama wengi, vijiji, mashetani na madoa ya rangi yanayojaza uso mzima wa picha, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika.

Tingatinga, basi, ni mtindo, kwa kuwa unatambulikana mara moja. Ni skuli pia, kwa maana ya mwalimu na wanafunzi wanaorithishana mbinu. Lakini si aina ya picha, kwa sababu ndani yake mna wanyama, mna watu na mna visa vya mizimu. Wala si mkondo kwa maana kamili ya neno hilo, kwani hapakuwa na tamko lolote dhidi ya sanaa iliyotangulia. Palikuwa na ufundi mpya uliopata soko. Muuzaji anayemwambia mgeni kuwa "hii ni Tingatinga" amelijibu swali la mtindo peke yake.

Mambo ambayo picha imeundwa kwayo

Mstari ni wa kwanza, na mahali pema pa kujifunza mstari katika visiwa hivi ni msikiti wa Kizimkazi Dimbani. Kwenye mihrabu yake mna maandishi ya Kiarabu ya hati ya Kufi, ile hati kongwe ya herufi zenye pembe, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107. Asiyejua kuyasoma ataona vishina vilivyosimama wima, vingine vikichanua nchani kama jani, na chini yake mstari wa mlalo unaoviunganisha. Anayejua kuyasoma atayaona yote hayo na kusoma pia. Mstari mmoja unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, ya kubeba maana na ya kupendeza macho, na hapo ndipo ilipo sanaa ya hati. Waandishi wa hati wa Kiislamu walilipa jambo hili uzito wa elimu kamili. Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, anahesabiwa kuwa ndiye aliyeweka kanuni ya kuzipima herufi za hati za mviringo kwa nukta ya kalamu, ili urefu wa alifu uwe kipimo cha herufi nyengine zote. Kipimo hicho cha sehemu moja dhidi ya nyengine ndicho kiitwacho uwiano, na mchoraji anayechora mwili wa mtu anaukabili uwiano ule ule anapopima kichwa dhidi ya kiwiliwili.

Mstari ukijifunga hutoa umbo. Umbo likiwa bapa, kama kivuli ukutani, halina unene. Likiwa na unene, kama chungu au mwili wa mtu, huitwa umbo la ujazo. Kati ya hayo mawili upo mchongo wa kuinuka, ambao haukutengana na ubao wake. Milango ya Mji Mkongwe ni michongo ya namna hiyo. Mafundi wanaitaja miimo ya pande mbili, kizingiti cha juu, na mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika mahali mbao mbili za mlango zinapokutana. Nakshi hukusanywa kwenye sehemu hizo za fremu, ilhali mbao zenyewe huachwa nyepesi au hupigiliwa njumu za shaba. Kizingiti kilichonyooka kinaashiria aghalabu mtindo wa zamani zaidi, wenye maandishi ya Kiarabu. Kizingiti cha upinde, kilichojaa maua na majani, kilienea katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakati ushawishi wa Kihindi ulipokuwa mkubwa mjini. Watembezaji wa wageni huongeza kuwa mnyororo ni usalama, samaki ni uzazi na mtende ni neema. Tafsiri hizo ni mapokeo yanayofaa kusikilizwa, lakini mwanafunzi asianze nazo. Atazame kwanza jinsi nakshi inavyojirudia, mahali inapopinda kwenye kona na namna fundi alivyoimaliza, kwa sababu mambo hayo yamo ndani ya mbao na yanaweza kuthibitishwa kwa macho.

Mlango huo huo unafundisha habari ya mwanga. Jua likiupiga kwa ubavu, kila ua lina upande uliong'aa na upande wenye kiza, nao mchongo husimama. Mwanga ukija moja kwa moja kutoka mbele, nakshi ile ile hulala na kuonekana kama mchoro wa penseli. Wachoraji wa Italia waliitafuta nguvu hii juu ya turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, na ustadi wa kuumba mwili kwa kupambanisha mwanga na kiza ukaitwa kiaroskuro. Caravaggio, aliyeishi baina ya 1571 na 1610, aliufikisha mbali kuliko wote waliomtangulia: watu wake wanatokea katika giza nene, wakimulikwa na taa ambayo haionekani ndani ya picha.

Nafasi inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyozua ugomvi mkubwa kuliko yote. Mtu akisimama katikati ya barabara ya Michenzani na kuyatazama yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, ataona kuwa mstari wa mapaa unashuka, mstari wa njia unapanda, na safu zote za madirisha zinaelekea mahali pamoja mbali mbele yake. Mahali hapo ni nukta ya kutokomea, na kanuni ya kuchora nafasi kwa kuitumia ni mtazamo wa mstari. Mjenzi Brunelleschi alionyesha jinsi inavyofanya kazi mjini Florence mwanzoni mwa karne ya 15, na Alberti akaiandika kitabuni mwaka 1435. Elimu ya macho na miale iliyokuwa chini ya kanuni hiyo ilikuwa imechunguzwa na Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Misri katika karne ya 11, na kitabu chake kilisomwa Ulaya kwa tafsiri ya Kilatini kwa muda mrefu kabla ya hapo.

Kutokana na kanuni hiyo Ulaya ilijenga imani kwamba picha njema ni dirisha: mtazamaji aone ndani yake kama anavyoona nje. Imani hiyo ilitawala kiasi cha miaka 400, na ndiyo iliyowafanya watu wengi wadhani kuwa picha bapa ni picha ya asiyejua kuchora. Dhana hii ni ya kuing'oa mapema. Anayechora twiga bila ya kivuli mbele ya usuli wa manjano, au anayeujaza ukuta nakshi za pembe sita zisizo na mbele wala nyuma, amechagua kuuheshimu uso wa kitu anachokipamba, na uchaguzi huo una kanuni zake ambazo ni ngumu kuzitimiza.

Katika rangi kuna sifa tatu za kuzitenganisha. Ya kwanza ni rangi yenyewe, kama nyekundu au buluu. Ya pili ni weupe na weusi wake, yaani iko karibu kiasi gani na mwanga au na kiza. Nyekundu ya damu na nyekundu ya waridi hutofautiana hapo. Ya tatu ni mkozo, yaani imekoza au imepauka. Kanga ya kisutu, ambayo bibi harusi hupewa, ina nyekundu, nyeusi na nyeupe tu, lakini inaonekana kutoka mbali kuliko kanga yenye rangi sita, kwa sababu tofauti ya mwanga na kiza ndani yake ni kubwa. Rangi pia haiishi peke yake. Mkemia Mfaransa Chevreul alikuwa msimamizi wa utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, na huko yaliletwa malalamiko kwamba baadhi ya nyuzi nyeusi zimefifia. Aligundua kuwa nyuzi hazina kasoro. Rangi zilizokuwa pembeni mwake ndizo zilizozibadilisha machoni. Mwaka 1839 alichapisha kanuni zake: nyekundu ikikaa kando ya kijani, kila moja humpa mwenzake nguvu, buluu hufanya hivyo kwa rangi ya chungwa, na manjano kwa zambarau. Kanuni hizo zilizotoka kwenye nyuzi ziliusaidia sana uchoraji wa baada yake.

Mpangilio ni namna ambavyo yote hayo yanakusanywa. Kanga inaonyesha mpangilio kwa uwazi: pindo linauzunguka uso wote, mji unakaa katikati, na jina linasimama chini ya mji, karibu na pindo, ili lisomeke likivaliwa. Kanga nyingi zina ulinganifu, kwa maana kwamba nusu ya kulia inaakisi nusu ya kushoto. Zina mdundo, kwa vile pambo la pindo hurudi kwa nafasi sawa. Na zina kitovu, mahali ambapo jicho hupumzika. Katika mkeka wa Pemba mpangilio unaanzia kwenye ufundi wenyewe. Ukindu uliotiwa rangi husukwa kuwa ukili, na ukili hushonwa ubavu kwa ubavu. Kwa kuwa majani hupita juu na chini ya mengine kwa mshazari, mapambo yanayopatikana ni ya pembe na ngazi, na msukaji hupata uzuri kwa kukubaliana na mipaka hiyo.

Mabishano yenyewe

Sasa mikondo inaweza kusomwa. Katikati ya karne ya 19 mchoraji wa Paris aliyetaka jina na wateja alilazimika kukubaliwa na maonyesho rasmi ya mji, yaliyoitwa Salon. Waamuzi wake walipenda picha laini, zenye visa vya dini na historia, zenye mtazamo wa mstari na kiaroskuro iliyopimwa, ambazo alama ya brashi haionekani. Gustave Courbet aliwapinga mapema kwa upande wa kinachochorwa. Kwake mkulima na mvunja mawe walistahili turubai kubwa kama wafalme, na mwaka 1855 alijijengea banda lake mwenyewe la maonyesho na kuliandika jina la uhalisia.

Claude Monet, Renoir, Pissarro, Berthe Morisot, Degas na wenzao walipinga kwa upande wa mwanga na rangi. Aprili 1874 walifanya maonyesho yao wenyewe katika jumba lililokuwa studio ya mpiga picha Nadar. Miongoni mwa picha za Monet ilikuwemo moja ya mwaka 1872 ya bandari ya Le Havre alfajiri: ukungu wa buluu na kijivu, mashua mbili tatu zenye giza, na jua dogo la rangi ya chungwa lenye mwangwi wake majini. Jina la picha hiyo lilikuwa na neno la Kifaransa impression, lenye maana ya taswira ya haraka inayobaki akilini baada ya kuona, na mwandishi wa gazeti Louis Leroy alilichukua neno hilo akawadhihaki kundi zima kwa kuwaita waimpreshonisti. Wachoraji wakaja kulikubali.

Walichokifanya kinaeleweka kwa yeyote aliyekaa Forodhani magharibi ikiingia. Katika nusu saa bahari ile ile huwa ya fedha, ya dhahabu, ya zambarau na hatimaye nyeusi, na anayetaka kuichora hana muda wa kuumba kila wimbi kwa kivuli laini. Waimpreshonisti waliweka rangi kwa mapigo mafupi ya brashi, moja kando ya jengine bila ya kuyasuguasugua, na wakaliachia jicho la mtazamaji liyaunganishe. Kivuli kwao hakikuwa cheusi. Kilikuwa buluu au zambarau, kwa kuwa ndivyo walivyokiona. Waliweza kufanya kazi nje kwa wepesi kwa sababu tangu 1841 rangi za mafuta zilianza kutiwa katika mirija ya bati, uvumbuzi wa Mmarekani John Goffe Rand, na msanii hakulazimika tena kusaga rangi zake karakana. Kamera nayo, iliyotangazwa kwa umma mwaka 1839, ilikuwa imeichukua kazi ya kunakili sura za watu, na hivyo kumlazimisha mchoraji ajiulize brashi yake inafanya nini ambacho kamera haikifanyi.

Waliofuata walichukua kila mmoja jambo lake. Seurat aliyageuza mapigo ya brashi kuwa vitone vilivyopimwa kwa kanuni za Chevreul na wanasayansi wengine wa rangi. Van Gogh, ambaye picha yake ya usiku wenye nyota ni ya mwaka 1889, aliutoa mstari na rangi katika utumishi wa kile kinachoonekana akavifanya vibebe hali ya moyo. Cézanne alilalamikia kuwa mwanga umeuyeyusha umbo, naye akatumia maisha yake kulirudisha, akijenga milima na matufaha kwa vipande vya rangi. Mwaka 1905 Matisse na wenzake walionyesha picha za rangi zilizokoza mno, uso wa mtu ukiwa na kijani na waridi, na mhakiki Louis Vauxcelles akawaita wanyama wa mwituni. Matisse alizisoma sana nakshi za Kiislamu. Alikwenda kuyatazama maonyesho makubwa ya sanaa hiyo mjini Munich mwaka 1910, akaishi na kuchora Morocco katika 1912 na 1913, na vyumba anavyovichora vina mazulia na kuta ambazo pambo lake linaizidi nguvu nafasi. Ile picha bapa iliyodharauliwa ikawa mwalimu.

Ukubisti ndio uliolivunja dirisha. Mwaka 1907 Pablo Picasso alilitembelea jumba la makumbusho la Trocadéro mjini Paris, lililokuwa na vinyago vya Kiafrika, vingi vikiwa vimefikishwa huko na dola ya kikoloni, na mwaka huo huo akaikamilisha picha ya wanawake watano ambao nyuso za wawili wao zinafanana na vinyago vya kuvaa. Alichokiona kwa wachongaji wale ni kwamba uso unaweza kujengwa kwa maumbo yaliyochaguliwa, pua ikawa kabari na jicho likawa tundu, na bado ukawa na nguvu kuliko uso ulionakiliwa. Yeye na Georges Braque waliendelea mpaka kitu kimoja, gitaa au chupa, kikaonyeshwa kwa wakati mmoja kutoka mbele, ubavuni na juu, kikiwa kimekatwa vipande vinavyoingiliana na usuli wake. Vauxcelles tena ndiye aliyeandika mwaka 1908 kwamba Braque amegeuza kila kitu kuwa michemraba, cubes kwa Kifaransa, na jina la ukubisti likatoka humo. Vitabu vingi husifu ujasiri wa Picasso na kuvitaja vinyago kwa sentensi moja, bila ya jina la mchongaji hata mmoja. Majina hayo yalipotea kwa sababu waliovichukua vinyago hawakujali kuuliza, na jambo hilo lastahili kuandikwa kila ukubisti unapoelezwa.

Ueksipreshonisti wa Ujerumani, ulioanza na kundi la Dresden mwaka 1905, uliufuata upande wa Van Gogh: kuipinda sura ya dunia ili hofu au furaha ionekane. Sanaa dhahania ikaenda hatua ya mwisho. Kandinsky alichora bila ya kitu kinachotambulikana, na mwaka 1915 Malevich akaonyesha mraba mweusi juu ya usuli mweupe. Wapo wanaosema kuwa watu wa Pwani waliijua sanaa dhahania tangu kale, kwa kuwa mikeka na mihrabu havina sura za watu. Nakubali nusu ya kauli hiyo. Macho yetu yamezoea kweli kufurahia mstari na rangi bila ya kuuliza ni picha ya nini, na hiyo ni hazina kwa anayeanza. Hata hivyo nakshi hukitumikia kitu inachokipamba, ilhali turubai la Malevich lilidai kusimama peke yake likiwa ndilo jambo lenyewe. Kuyafananisha mno ni kuyapunja yote mawili.

Yaliyobaki yanaweza kuelezwa kwa haraka zaidi. Harakati za Dada zilianza Zurich mwaka 1916 katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, zikikataa busara ya ulimwengu uliozaa mauaji yale. Mwaka uliofuata, mjini New York, Marcel Duchamp alipeleka kwenye maonyesho beseni la kukojolea lililotiwa sahihi, akauliza kama uteuzi wa msanii unatosha kukifanya kitu kuwa sanaa. Swali hilo halijaisha, na sanaa ya dhana, ambayo wazo ndilo kazi yenyewe, imesimama juu yake. Usurealisti, uliotangazwa na André Breton mwaka 1924, ulizitafuta ndoto. Saa zinazoyeyuka za Salvador Dalí ni za mwaka 1931. Baada ya Vita vya Pili Jackson Pollock alitandaza turubai sakafuni na kulinyunyizia rangi, mwendo wa mkono ukabaki kuwa ndio picha. Sanaa ya popu ikajibu kwa vitu vya dukani, na mwaka 1962 Andy Warhol akaonyesha picha 32 za mikebe ya supu.

Majina yanapofika kwetu

Istilahi hizi hazikuundwa zikitutazama sisi, na baadhi yake hudhuru zikitumiwa bila ya uangalifu. Tingatinga mara nyingi huwekwa chini ya jina la sanaa ya wasiofunzwa, pamoja na Henri Rousseau, karani wa ushuru wa Paris aliyechora misitu ya joto bila ya kutoka Ufaransa. Lakini wachoraji wa Tingatinga wamefunzwa: wamekaa na mwalimu, wamejifunza kuandaa ubao, kupaka usuli, kungoja ukauke na kuvuta mstari usiotetema. Walichokosa ni cheti tu. Vivyo hivyo mgawanyo wa sanaa bora na kazi za mikono, uliomweka mchoraji wa turubai juu na mchonga mlango, msuka ukili na mbuni wa kanga chini, ulijengwa na vyuo vya Ulaya kwa sababu za heshima na soko. Mwanafunzi wa hapa aujue, kwa kuwa atakutana nao, na asiukubali.

Tofauti nyengine ya kuijua ni baina ya sanaa ya kisasa na sanaa ya leo. Ya kwanza, kwa wanahistoria, ni ile ya tangu miaka ya 1860 hivi mpaka miaka ya 1960. Ya pili ni inayofanywa katika wakati wetu, nayo huruhusu chochote kiwe malighafi, ikiwemo video, sauti na usakinishaji, yaani kazi inayojaza chumba na ambayo mtazamaji huingia ndani yake.

Katika sanaa ya leo limo jina lililozaliwa hapa. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954 na akachukuliwa Uingereza akiwa mtoto mchanga. Katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa viongozi wa harakati za wasanii weusi wa Uingereza, ambazo ni mkondo kwa maana kamili: wasanii waliojuana, wenye jambo la kupinga, na waliojipa jina wenyewe bila ya kungoja mhakiki awadhihaki. Mwaka 1985 aliandaa katika taasisi moja ya sanaa mjini London maonyesho ya wanawake 11 weusi na wenye asili ya Asia, nao wakapewa ukumbi wa njia ya kupita tu. Mwaka 2004 alikamilisha kazi ya usakinishaji yenye sanamu bapa 100 za mbao zilizopakwa rangi, zenye kimo cha mtu, za Waafrika waliotumikishwa katika nyumba za kifalme za Ulaya, wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, na kila mmoja ana jina lake la asili pamoja na jina alilobandikwa. Mwaka 2017 alitunukiwa tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Katika kazi zake za baadaye ameirudia mara kwa mara kanga, kwa mpangilio wake ule ule wa pindo, mji na maneno, akiichora kwenye turubai na karatasi kwa rangi zilizokoza.